Kwa Wauguzi Mnaoanza Kazi Lamu: Mazoea ya Sista Wetu

Wauguzi wenzangu mliopangiwa visiwani mwaka huu, mtamsikia mama mmoja akitajwa kabla hamjamaliza wiki ya kwanza. Simtaji kwa jina, kwa kuwa wanawe wameomba iwe hivyo, na kwa kuwa mji mzima ulimwita Sista tu, kana kwamba hapakuwa na sista mwingine. Tulimsomea khitma mwezi uliopita. Kwenye tanga, kila mwanamke aliyekuja kutoa pole alisema kwamba marehemu alijaaliwa moyo wa huruma, nami nilinyamaza, maana tangani si mahali pa kubishana. Lakini nilifanya kazi chini yake kwa miaka 11, na niliyoyaona hayakuwa moyo peke yake. Yalikuwa mazoea aliyoyapata kwa kujilazimisha, na ambayo yeyote aliyehitimu uuguzi anaweza kuyapata akitaka. Mtu akiambiwa kwamba mwenzake alizaliwa na moyo mzuri, humsifu kisha akaenda zake. Akiambiwa alifanya nini saa kumi na moja alfajiri, huenda akajaribu naye.

Nianze na barafu. Asubuhi yangu ya kwanza ya kwenda kuchanja watoto kisiwani Pate, nilizitoa pakiti za barafu kwenye friza zikiwa ngumu kama jiwe, nikazipanga ndani ya kasha la chanjo na kulifunga, nikidhani kwamba kadiri barafu inavyokuwa ngumu ndivyo chanjo inavyokuwa salama. Sista alilifungua kasha bila kusema neno, akazitoa pakiti zote na kuzitandaza mezani, kisha akawa anachukua moja moja na kuitikisa karibu na sikio lake. "Ngoja ilie," aliniambia. Tulingoja mpaka maji yakasikika yakicheza ndani ya plastiki, ndipo akaniruhusu kuzirudisha. Chanjo zote huharibiwa na joto, lakini ile ya pentavalenti, inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, na ile ya pepopunda huharibiwa pia na kuganda, na chupa iliyoganda ikayeyuka si rahisi kuitambua kwa kuitupia jicho tu. Mtoto atachomwa sindano, atalia, kadi yake itaandikwa, mama ataondoka akiwa ameridhika, na kinga mtoto hana. Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi, juu yake ni hatari na chini yake ni hatari. Kwa maoni yangu, dakika zile za kutikisa barafu zilikuwa ukarimu mkubwa kuliko nauli zote alizowalipia watu, ingawa tangani sikusikia aliyezitaja.

Wengi wenu mmetoka bara na mmezoea saa ya ukutani. Huku kuna saa nyingine, nayo ni maji. Boti ya kwenda Pate, Siyu au Faza hupitia mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na maji yakipwa mlango ule haupitiki kwa urahisi. Maji ya leo si ya kesho, kwani huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua hujaa sana na kupwa sana. Nilijifunza hayo kwa aibu. Siku moja nilichelewa nusu saa nikitafuta fomu ambayo haikuwa na haraka yoyote, na tulipofika Mkanda boti ikakwama juu ya mchanga, tukakaa pale juani hadi alasiri. Tuliporudi usiku, Sista hakunigombeza mbele ya manahodha. Alinipeleka ndani, akawasha taa, akachukua chupa moja baada ya nyingine na kunionyesha ile alama ya mraba mweupe ndani ya duara kwenye lebo, ambayo hubadilika rangi kadiri chupa inavyopata joto. Mraba ukifikia rangi ya duara, chupa hiyo haitumiki tena. Chupa saba tuliziweka kando. Alinitaka niandike ripoti kwa mkono wangu, nitaje sababu ya kweli, yaani kuchelewa kwangu, wala nisiandike "hali ya bahari". Nililia usiku ule. Lakini tangu siku ile sijapata kuficha kosa kazini, na katika kazi yetu kosa linalofichwa ndilo linaloua.

Tukija kwenye nyumba za watu, hapa ndipo wageni wengi hukosea, na si kwa ubaya. Mitaa ya Mkomani na Langoni ni miembamba kiasi kwamba punda aliyebeba mzigo humlazimu mtu ajibane ukutani, na sauti ya kawaida husikika nyumba ya tatu. Sista alikuwa na desturi mbili ambazo mwanzoni nilidhani ni maringo. Alikuwa hamsalimii mgonjwa wake njiani kabla mgonjwa mwenyewe hajamsalimia, na hata wakisalimiana hakuuliza habari za ugonjwa, kwa sababu swali moja tu la "umekunywa dawa?" barazani linatosha kuujulisha mtaa mzima. Tena alikuwa akipiga hodi mara tatu akingoja, na akiingia huketi kwanza. Mimi nilikuwa nikiingia na daftari mkononi na maswali mdomoni. "Keti kwanda, mwanangu," alikuwa akinambia kwa Kiamu chake, na tulikuwa tukinywa kahawa na kuuliza hali za wazee wa nyumba hata kama nyumba sita zilikuwa zinatungoja. Niliona ni kupoteza wakati, mpaka nilipotambua kwamba yule mama mkwe aliyeketi kimya pembeni ndiye atakayeamua iwapo mwali aende hospitali kujifungua au abaki nyumbani, na kwamba kahawa ile ilikuwa yake.

Hilo lilitusaidia sana mwaka 2004, nilipokuwa bado mgeni, homa ilipoenea kisiwani na watu wakawa hawawezi kushika hata kikombe kwa maumivu ya viungo. Wengi walidhani ni malaria na wakanywa dawa za malaria bila nafuu. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa ambao jina lake limetokana na Kimakonde na maana yake inahusu kupinda, jinsi mgonjwa anavyojikunja; na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya wakazi wa kisiwa cha Lamu waliambukizwa. Mvua zilikuwa zimekosekana, watu wameweka maji majumbani kwenye mitungi, madumu na mapipa bila kuyabadilisha, na mbu anayeeneza ugonjwa huo huzaliana katika maji kama hayo na huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Sista mwenyewe alikuwa ameugua na anatembea kwa kushika kuta. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba aonyeshwe maji, na kwa kuwa alijulikana kuwa hupiga hodi na kuketi, alionyeshwa. Aliwakumbusha watu jambo ambalo mababu walilijua, yaani kuweka samaki wadogo ndani ya birika, lile tangi la maji lililojengwa nyumbani, ili wale viluwiluwi, na aliwaambia wafunike mitungi na kuisugua ndani kila wiki, kwa kuwa mayai hung'ang'ania ukingoni hata maji yakimwagwa.

Jambo jingine ambalo halimo katika ratiba za chuo ni Ramadhani. Msingoje mwezi uandame ndipo mzungumze na wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu. Sista alianza mwezi wa Shaaban. Alikuwa akiwauliza wanakunywa dawa saa ngapi, nani anajidunga insulini, nani alizimia mwaka uliopita, kisha akiwapeleka kwa daktari mapema ili dozi zipangwe kulingana na futari na daku, na wale ambao kufunga kungewadhuru akiwatafutia mwanachuoni wanayemwamini awaeleze ruhusa waliyonayo. Hakuwahi kumwambia mtu "usifunge" kwa amri ya koti jeupe. Mgonjwa aliyeamriwa hufunga kwa siri, na wewe utampokea usiku akiwa hajitambui.

Kuna jambo lake moja ambalo sipendi mliige, na najua yeye mwenyewe angekubaliana nami. Alilea watoto wanne, na binti yake mkubwa alinambia, tukiwa tunaosha vikombe baada ya tanga, kwamba walipokuwa wadogo waliujua mlio wa viatu vya mama yao akitoka kuliko akirudi. Hakusema kwa uchungu. Alisema pia kwamba Ijumaa ilikuwa yao: mama alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakataa kufungua mlango hadi wamalize kula, labda mtu awe anavuja damu. Lakini Ijumaa moja kwa wiki ni kidogo, na Sista alinikiri karibu na kustaafu kwamba zamu nyingi za usiku alizozishika kwa niaba ya wenzake hazikuwa wema, zilikuwa kushindwa kusema hapana. Muuguzi aliyechoka hukosea dozi. Pangeni zamu zenu, mzilinde, na mlale.

Alistaafu akiwa na miaka 60, na wengi tulidhani atapumzika. Badala yake akaanzisha na akina mama wa mtaani kwake chama cha kuchangia nauli ya boti kwa wajawazito, kila mmoja akitoa kidogo kila wiki, fedha zikitunzwa na mweka hazina ambaye hakuwa yeye. Alisema mwenye jina kubwa asishike mfuko. Serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii mwaka 2023, baadhi ya wale wa mtaani kwake walikwenda kuketi naye jioni ili awafundishe kusoma mashine ya shinikizo la damu, na namna ya kumwambia mjamzito aliyefikia 140 kwa 90 kwamba anahitaji kwenda hospitali leo, bila kumtia hofu iliyozidi.

Binti yake amenikabidhi daftari la chama. Hakuna majina ndani yake, ni herufi tu, na kando ya kila herufi pana kijiji, tarehe ya kutarajia kujifungua na saa ya maji kujaa siku hiyo, vyote kwa mwandiko wake mdogo wa kalamu ya risasi. Ukurasa wa mwisho una herufi tatu. Wawili wamekwisha kujifungua salama. Wa tatu yuko Siyu, ambako boti haiingii mpaka maji yajae, na bamvua inaanza Jumatano. Anayetaka kufuatana nami awe uwanja wa Mkunguni saa tisa na nusu alfajiri, na barafu nitakuwa nimekwisha kuitoa.