Leza inaacha mawimbi kwenye moldi: tunakosea wapi?

SWALI: Shikamoo injinia. Karakana yetu ipo Unga Limited, Arusha, na tunatengeneza moldi (kalibu za chuma) za vifuniko vya plastiki. Tuna leza ya faiba ya wati 500, yenye mwale usiokatika na kichwa cha vioo vinavyouelekeza. Moldi ikitoka kwenye milingi (mashine ya kuchonga chuma) tunaing'arisha kwa leza hiyo kwa wati 300, mwendo milimita 50 kwa sekunde, doa la mwale milimita 0.5, mstari hadi mstari milimita 0.3. Inang'aa kidogo, lakini ina mawimbi na rangi ya bluu inayoelekea nyeusi. Tukiongeza nguvu ndiyo inaharibika zaidi.

JIBU: Marahaba, fundi. Kwanza acheni kuongeza nguvu. Leza haikwangui chuma kama msasa. Inayeyusha ngozi nyembamba ya juu, kwa leza kama yenu maikromita 20 hadi 100 hivi, na chuma hicho kilichoyeyuka kinajivuta chenyewe kutoka kwenye vilele na kujaza mabonde kabla hakijaganda. Joto likizidi, dimbwi la chuma hicho linapanuka, linachafuka, kisha linaganda na mawimbi yake. Mnafuta alama za milingi na kuchora nyingine.

Tazameni namba zenu. Nguvu igawanywe kwa mwendo mara upana wa doa: 300 ÷ (50 × 0.5) ni juli 12 kwa milimita ya mraba. Ni nyingi. Anzieni wati 200 na mwendo 100, yaani juli 4.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni hiyo 0.3. Mstari unalalia mwenzake asilimia 40 tu, na kila mpaka unabaki tuta. Shukeni hadi 0.05, mlalio wa asilimia 90. Mistari itakuwa mara sita, ila kwa kuwa mwendo ni maradufu, muda utakuwa mara tatu ya sasa. Joto la jumla nalo litapanda, kwa hiyo kipande kidogo kipumzisheni kati ya pito na pito. Pito la pili likate la kwanza kwa nyuzi 90. Jaribuni kwenye kipande cha chuma kilekile, viraba vya milimita 10, mkibadilisha namba moja tu kila mara.

Rangi ya bluu inaletwa na oksijeni ya hewani. Wekeni moldi ndani ya kisanduku, muingize gesi ya agoni taratibu kutoka chini; ni nzito kuliko hewa, itaisukuma hewa itoke juu. Msiipulize kwa kasi juu ya kazi, maana mkondo mkali huvuta hewa pembeni na kuingia nayo.

Alama za milingi zilizo pana kuliko dimbwi hazitaondoka kwa leza hata mpite mara ngapi. Punguzeni hatua ya kisu (umbali kati ya mikato) mapema, kwenye milingi. Futeni mafuta yote. Kama chuma ni cha aina iliyotiwa salfa ili kikatike kirahisi, mtapata vitundu, na hapo dawa ni kubadilisha chuma.

Ra (kipimo cha ukwaru wa uso) ipimeni kukatiza mistari ya leza, si kuifuata, la sivyo kipimo kitawapendelea. Kingo kali msizipitishe kabisa: joto halina pa kukimbilia, zitaviringika. Hizo, pamoja na mng'ao wa kioo kwa plastiki angavu, bado ni kazi ya mkono, jiwe na krimu ya almasi. Miwani iwe ya leza ya nanomita 1070. Mwale huo hauonekani kwa jicho.