Namba 2147483647 ilivyoniumbua

Programu yangu ya kwanza ya kutambua namba tasa niliijaribu kwa 7, 91 na 1009. Zote ikajibu sawasawa, nikajiona fundi. Kisha nikaipa 2147483647. Ikakaa kimya sekunde kadhaa, ikarudi na jibu: si tasa, inagawanyika kwa 2147483647.

Nilipoteza jioni nzima nikitafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Kutafuta vigawo vya namba hakuna haja ya kuvuka kipeuo chake cha pili, maana kigawo kikubwa kuliko hapo kina mwenzake mdogo ambaye ungeshamkuta njiani. Kwa namba hii kipeuo hakifiki hata 46341. Mimi nilikuwa nimeiagiza kompyuta iendelee kujaribu vigawo maadamu i mara i haizidi namba yenyewe, i ikiwa ni kigawo kinachojaribiwa kwa wakati huo. Basi 46341 mara 46341 ni 2147488281, na namba kamili ya biti 32 yenye alama ya chanya na hasi, aina niliyotumia kwenye programu, inaishia wapi? 2147483647, ileile niliyokuwa naipima! Jibu likafurika, yaani likapita kikomo hicho, likageuka -2147479015, na mzunguko wa majaribio ukaendelea. Hakuna namba ya aina hiyo ambayo ingeweza kuizidi, kwa hiyo i ikatembea mpaka ikakutana na namba yenyewe.

Dawa yake ni kugawanya badala ya kuzidisha: endelea maadamu i haizidi namba ikigawanywa kwa i. Wengi watakwambia uhamie biti 64. Sawa, ila hapo umesogeza shimo mbele tu.

Aibu yangu iliongezeka niliposoma kwamba mwanahisabati Euler aliithibitisha kuwa tasa kufikia mwaka 1772, akiwa karibu kipofu. Alitumia umbo lake: ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Kigawo tasa chochote cha namba hiyo kikigawanywa kwa 62 lazima kibakize 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Unganisha masharti hayo mawili: kikigawanywa kwa 248, baki ni 1 au 63. Hadi 46340 namba za namna hiyo ni 373 tu, na nyingi zinajiondoa zenyewe (63 si tasa, 249 ni 3 mara 83). Mimi nilikuwa napitia maelfu kwa maelfu bila kufikiri.

Usije ukadhani, kama nilivyodhani, kwamba kipeo kikiwa tasa basi namba nayo ni tasa. 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, ambayo ni 23 mara 89.

Ukishasahihisha programu yako, ipe pia 2147117569. Hiyo ni 46337 mara 46337. Ikikujibu kwamba ni tasa, umesimama hatua moja kabla ya kipeuo: umeandika "ndogo kuliko" mahali pa "ndogo kuliko au sawa na".