Kimbunga kikipungua nguvu, usizime redio bado

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakisogelea kisiwa cha Mafia, habari karibu zote zilikuwa za upepo. Usiku wa Mei 4 ikatangazwa kwamba kimepungua nguvu. Wengi wakasikia "kimekwisha". Huku kusini mvua iliendelea kumwagika, na barabara ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Kilichopungua nguvu ni upepo, si maji.

Hivyo ndivyo habari zinavyoweza kutupotosha bila hata neno moja la uongo. Tunaipima hatari kwa kile tunachoonyeshwa mara nyingi. Jangwani, Dar es Salaam, ikifurika, kamera zinafika ndani ya saa moja, kwa hiyo kila mtu anaiogopa Jangwani. Kijiji cha bonde la Rufiji kisichofikika kwa gari hakionekani, na ndugu walio mjini wanadhani kuko salama.

Kwa hiyo litafute tangazo lenyewe la Mamlaka ya Hali ya Hewa. Angalia kwanza ngazi: angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa. Halafu shuka hadi kwenye maneno ambayo vichwa vya habari huyaacha: "uwezekano wa kutokea" na "kiwango cha athari". Haya ni mambo mawili tofauti. Uwezekano ukiwa mdogo na athari kubwa, mvuvi mwenye ngalawa bado ana sababu ya kutotoka. Usiruke pia "baadhi ya maeneo", wala tarehe ya mwisho ya tangazo.

"Mvua kubwa" maana yake ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Kwenye paa la bati la mita 40 za mraba, hizo ni lita 2,000, yaani ndoo kubwa 100 za lita 20. Sasa zidisha kwa mapaa ya mtaa mzima, yote yakimwaga kwenye mtaro mmoja uliojaa taka. Picha ya daraja lililovunjika mkoa mwingine haikuambii lolote kuhusu mtaro huo, nenda ukautazame.

Video ya WhatsApp isiyotaja mahali wala siku usiisambaze, maana mafuriko ya mwaka juzi hurudi kila masika kama ya leo.

Na mtangazaji asiishie kusema "tahadhari imetolewa". Aseme: "Tangazo la leo saa tisa alasiri, kwa Lindi na Mtwara, hadi kesho usiku."