Jibu: Siku mbili Etosha, wanyama hatuwaoni
Habari ndugu. Umesema mmezunguka Etosha, ile hifadhi ya wanyama ya Namibia, kutwa, siku mbili, mkaambulia swala wachache tu. Kwanza angalia mwezi. Mvua zikishanyesha, maji huwa kila mahali na wanyama hutawanyika. Kiangazi, hasa Agosti na Septemba, hulazimika kufuata vidimbwi.

Kama ni kiangazi, acheni kuzunguka. Nami nilihangaika hivyohivyo, mpaka siku niliyozima gari kando ya kidimbwi kwa saa mbili: wakaja punda milia, choroa, kisha tembo wakawafukuza wote. Sijasahau.

Usiku msilale mapema! Kidimbwi cha kambi ya Okaukuejo kina taa, na faru weusi huja kunywa. Kaeni kimya tu. Mchana bebeni maji ya kutosha, na msishuke garini ovyo.