Nimesikia askari wa FARDC wamebaka, sikuona kwa macho. Niripoti?

Swali: Naongoza platuni ya Tanzania inayojiandaa kwenda Kongo mashariki chini ya MONUSCO, misheni ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa. Tutashika doria pamoja na jeshi la serikali, FARDC. Wakituhumiwa kubaka au kuua raia nami sikushuhudia, nina wajibu wa kuripoti? Hawako chini ya amri yangu.

Jibu: Unao, Afande, na tuhuma inatosha.

Ni kweli kwamba kifungu cha 87 cha Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza (1977) kwa Mikataba ya Geneva, yaani sheria za vita, kinamgusa kamanda kwa makosa ya walio chini yake au anaowadhibiti, na FARDC hawamo. Wajibu wako unatoka kwingine. Kifungu cha 1 cha Mikataba yote minne ya Geneva kinazitaka nchi zihakikishe mikataba inaheshimiwa. Tena, tangu 2011 Umoja wa Mataifa una sera inayoukataza kukisaidia kikosi kisicho chake panapokuwa na sababu za msingi za kuamini kuna hatari ya kweli kwamba kitafanya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Msaada ni pamoja na mafuta, chakula, usafiri na operesheni za pamoja. Wanaoamua kuusitisha hutegemea taarifa za walio uwanjani, yaani nyinyi.

Kama unyama unaendelea mbele yenu, kuripoti peke yake hakutoshi. Jukumu la kulinda raia halichagui anayewatishia, hata awe askari wa serikali. Chukua hatua kwa kufuata kanuni zenu za matumizi ya nguvu, huku redio ikiijulisha makao.

Kama yameshapita, tuma taarifa siku hiyohiyo kwa kamanda wa kombania, na uombe ifike kikosini na kwa Ofisi ya Pamoja ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Usiingoje ripoti ya wiki. Andika tarehe, saa, mahali kwa gridi (namba za ramani), na utenganishe mliyoyaona na mliyoambiwa. Kisha andika kwa ukamilifu kabisa utambulisho wa wahusika: batalioni, beji, namba za magari, jina la kamanda wao na walikoelekea.

Hapo ndipo kesi nyingi hufia. Novemba 2012, askari wa FARDC waliokuwa wakirudi nyuma baada ya waasi wa M23 kuitwaa Goma walibaka wanawake na wasichana zaidi ya 100 mjini Minova na vijiji vya jirani. MONUSCO ilitishia kuacha kuzisaidia batalioni za 41 na 391, na kesi ikafunguliwa. Hukumu ya Mei 2014, kati ya washitakiwa 39, iliwatia hatiani kwa ubakaji askari wawili tu. Jina la kamanda lina uzito wake pia: mwaka 2015 msaada wa MONUSCO kwa operesheni dhidi ya waasi wa FDLR ulisitishwa kwa sababu majenerali wawili walioteuliwa kuiongoza walikuwa wakituhumiwa kwa ukiukaji.

Sasa jambo linalowahusu Watanzania hasa. Raia wa Kivu watawaeleza kila kitu kwa Kiswahili, bila mkalimani. Ni faida kubwa, lakini inamtia askari hamu ya kuhoji, na hiyo si kazi yake. Mhanga akihojiwa mara tatu na watu tofauti, maelezo yake huanza kupishana, na wakili wa utetezi atazitumia tofauti hizo. Msimpige picha wala msiandike jina lake kwenye taarifa inayopita mikononi mwa wengi. Jina lisifike kamwe kwa afisa kiungo wa FARDC, maana kisasi huanzia hapo. Mfikisheni kwenye matibabu kwanza: dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, za dharura za kuzuia mimba zina nafasi hadi saa 120.

Kamanda akisema taarifa itaharibu uhusiano na FARDC, mwombe aandike uamuzi wake, kisha ipeleke taarifa yako kwa afisa wa haki za binadamu wa eneo lenu. Mhusika akiwa mlinda amani mwenzenu, njia ni nyingine: hiyo huenda kwa kitengo cha maadili na nidhamu cha misheni.