Kabla Hujakubali Kubadilishiwa Kioo cha Jicho

Juzi mama mmoja kaniandikia. Mwanawe wa miaka saba kazaliwa kama mimi, na anairidia: macho meusi tii, bila lile duara la rangi. Sasa kioo cha jicho (konea, ule utando angavu wa mbele) kimeanza kuingia ukungu, na wameshauriwa abadilishiwe. "Dada, tukubali?"

Mimi nilikubali, mwaka 2011. Wazee waliuza kipande cha shamba la michungwa Muheza, nikawekewa kioo cha marehemu jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa niliziona kucha zangu, nikalia. Miezi minane tu, ukungu ukarudi, mishipa ya damu ikatambaa juu ya kioo kipya. Aliyenipasua akasema huenda sikutia dawa vizuri. Nilitia! Kwa saa na dakika! Neno lile linanichoma mpaka leo.

Miaka ikapita. Daktari mwingine ndiye aliyenifungua akili. Jeni ya PAX6, ambayo hitilafu yake hutunyima duara la rangi, ndiyo pia inayozitunza seli shina za ukingoni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Seli hizo huzaa ngozi mpya ya kioo kila mara. Zikipungua, ngozi ya weupe inavuka mpaka na mishipa yake. Kuweka kioo kipya bila seli hizo ni kupanda mche wa mchungwa penye mwamba. Na huwezi kuziazima jicho la pili, maana nalo ni gonjwa. Hutolewa kwa ndugu au marehemu, kisha unameza dawa za kushusha kinga ya mwili kwa muda mrefu.

Halafu akaomba chupa yangu ya matone ya presha ya macho, akasoma kwa sauti: benzalkoniamu kloraidi. Kihifadhi hicho, kinachotiwa ili matone yasiharibike, kinaunguza kioo kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nakitia kutwa mara mbili, mwaka baada ya mwaka. Usiache dawa ya presha, utapofuka. Omba isiyo na kihifadhi.

Nikaanza pia matone ya damu yangu mwenyewe. Wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine, yale maji ya njano wanayachanganya na maji ya chumvi na kuyatia kwenye vichupa. Vyangu vinakaa kwenye friza pamoja na pweza. Umeme ukikatika nakimbilia kwa shangazi na chupa ya barafu, watu wananicheka. Wacheke! Siamki tena na mchanga machoni, na mwezi uliopita nimesoma kichwa cha habari cha gazeti bila msaada. Kichwa tu, lakini nimesoma.

Kwa hiyo wazazi, msikimbilie kisu. Ulizeni: seli shina za mtoto zikoje? Msione haya mbele ya daktari, macho si yake. Kofia, miwani ya giza, machozi ya dukani yasiyo na kihifadhi, na mtoto asisugue. Kihifadhi, narudia, someni chupa!

Mama yule nikamuuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Hakuna. Basi figo je? Maana kusipokuwa na mwingine, wakati mwingine jeni iliyo jirani na PAX6 nayo hukatika, na mtoto huwa hatarini kupata saratani ya figo, hivyo hupimwa kila miezi mitatu akiwa mdogo.

Akajibu: "Za figo hakuna aliyetuambia." Kesho wanaenda kupiga ultrasaundi.