Kijiji cha watu 200 Ufaransa kinazoaje taka?
Umeuliza kijiji cha watu 200 chenye meya wake kinatoa wapi hela ya gari la taka, jibu ni kwamba hakinunui peke yake. Ufaransa ina komuni, yaani ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa kama hicho kijiji, karibu 35,000 na zaidi ya nusu hazifiki hata watu 500, kwa hiyo zinaungana na majirani kwenye jumuiya ya komuni yenye kodi yake yenyewe, hiyo ndo inabeba taka, maeneo ya viwanda na kadhalika. Sheria ya 2015 ilitaka kila jumuiya iwe na watu wasiopungua 15,000, ila milimani wanaruhusiwa kushuka mpaka 5,000. Meya anabaki, anafungisha ndoa kama kawaida, na mi naona hapo wamepatia kabisa, mwananchi bado anajua amfuate nani.